Tumtue Shehe Lukumani

Risala ya waumini wa Msikiti wa Wapagazi, Mtendeni, Tabora, mbele ya mgeni rasmi, Shehe Abbasi. Imesomwa na katibu wa kamati, Mabruki bin Idi, baada ya sala ya adhuhuri, mwaka 1975.

KARIBU UKAE

Mgeni rasmi, Shehe Abbasi, uliyetumwa na mashehe wenzako uje utuone kwa macho, assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Karibu ukae. Hicho kiti cha mikono tumekiazima kwa jirani yetu Mama Bertila, mtu wa kanisani, ambaye alipoambiwa kinatakiwa kwa shughuli ya imamu mzee alisema, "Chukueni, hata sisi padri wetu tulimchosha hivyohivyo." Mguu wa kushoto wa kiti unachezacheza, basi usiegemee sana upande huo.

Tunajua umeshuka treni leo alfajiri na hujapata usingizi. Sisi pia hatujapata, maana risala hii tumeibishania wiki nzima, neno kwa neno. Tungependa kuwa wafupi. Hatuahidi, kwa sababu watu waliochoka huongea sana.

Kulia kwako amekaa Shehe Lukumani bin Feruzi, imamu wetu. Ukimsemesha paza sauti, sikio lake la upande wako limeshaaga. Ukimwona amefumba macho usidhani amelala. Anasikiliza. Na kama amelala, basi anasikiliza hukohuko usingizini, sisi tunamjua.

Jambo lenyewe tulitaje mapema usije ukahangaika kulitafuta. Shehe Lukumani amechoka. Ameomba kupumzika, ameomba tena na tena, na sisi tulikuwa tukimkatalia. Sasa tumekubali, na tunaogopa wewe utakuja kutukatalia sisi. Hilo tu ndilo lililomo humu. Mengine yote ni maelezo.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, msikiti huu ulijengwa na wapagazi. Hawakuwa matajiri wala masharifu. Ni watu waliobeba pembe na majora ya nguo baina ya Ujiji na pwani, wakafika Tabora wakaugua, au wakaoa, au wakasema basi, miguu imekataa. Feruzi, baba yake Shehe, alikuwa mmoja wao. Alitokea Manyema na mzigo kichwani, akachomwa na mwiba, mguu ukavimba, msafara ukamwacha hapa na kibuyu cha maji. Hakuondoka tena.

Wazee hao walikuwa na desturi yao ya njiani. Mbele ya msafara hutembea kirangozi, mwenye kushika bendera na kuijua njia. Nyuma yake kabisa, pua na kisogo, hutembea mtu waliyemwita mtu wa akiba. Huyo hubeba mzigo mwepesi, na kazi yake ni moja: kirangozi akianguka, aidake bendera kabla haijagusa chini, msafara usisimame. Walipojenga msikiti waliiingiza desturi hiyo ndani. Pale nyuma ya imamu, katikati ya safu ya kwanza, wakapaita pa akiba, na hapasimami ila mtu anayeweza kushika sala imamu akishindwa. Wanazuoni watasema hata dini inataka hivyo, na ni kweli. Lakini wazee wetu waliyajua hayo kwa nyayo zao kabla hawajayasikia darasani.

Shehe Lukumani haujui mwaka aliozaliwa. Anachojua ni kwamba Mjerumani alipokuwa akitandika reli hapa, yeye alikuwa kijana wa kuchunga mbuzi na alichapwa kwa sababu mbuzi walikula kamba ya vipimo. Mihrabu aliishika mwaka wa Uhuru. Bendera mpya ilipopandishwa uwanjani, Ijumaa iliyofuata yeye akapanda mimbari, na tayari mvi zilikuwa zimemjaa. Watu wakasema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Yeye si Mnyamwezi kwa baba, ila kwa mama, lakini tukampa hivyohivyo. Kumtua ndiko tulikosahau.

TULIYOFANYA

Chini yake tumefanya mengi, nasi tunayataja kwa ufupi kwa sababu mwenyewe akisikia anasifiwa hukohoa mpaka unyamaze. Haya, ameshaanza.

Chuo cha Kurani kinajaa. Baraza ya chuo jioni ndiyo darasa la kisomo cha watu wazima, na yeye mwenyewe alikaa kwenye mkeka pamoja na wauza mkaa akijifunza herufi za kizungu, kwa sababu alijua kusoma za Kiarabu tu na hakuona haya. Wenye ugomvi wa mipaka huko Chemchem huja kwake kabla ya kwenda kwa balozi wa nyumba kumi, na balozi mwenyewe huja kwake akigombana na mkewe. Wakati wa Operesheni, watu walipohamishwa kuingia vijijini na mvua ikawakuta hawajaezeka, alipanda treni akaenda Kigwa akakaa nao kwenye nyasi mbichi, akizika watoto wao na kuwaozesha mabinti wao. Tulimwambia, "Shehe, kifua chako." Akasema, "Kifua changu kina paa?" Alirudi na kikohozi hicho unachokisikia.

Ndiyo hivyo, mgeni rasmi. Kazi zake tumeziita kazi zetu, kama kawaida ya risala.

YANAYOTUSUMBUA

Hapa ndipo penye uzito, tuvumilie.

Mara ya kwanza Shehe alipoomba kupumzika, tulicheka. Tukadhani anatania. Mara ya pili tukamletea mgeni mkubwa, mtu mwenye cheo, tukamkalisha mahali hapohapo ulipokaa wewe. Yule mheshimiwa akamwambia, "Shehe, ng'ombe haelemewi na nundu yake."

Shehe akamjibu, "Nundu ni yake, mwanangu. Huu mzigo mimi nimetwishwa."

Mheshimiwa akacheka, akampigapiga begani, akasema, "Vumilia kidogo." Akapanda gari. Amekuja mwingine baada yake na mwingine tena, kila mmoja na kidogo chake. Ukivijumlisha hivyo vidogo vyao, mgeni rasmi, ndivyo vilivyompinda mgongo.

Kwa nini tulimkatalia? Tuseme ukweli, tupo mbele ya msikiti. Hatukumkatalia kwa mapenzi, ingawa mapenzi yapo. Tulimkatalia kwa kuogopana. Waliofaa kumrithi ni wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Saidi, muuza nguo wa hapa Mtendeni, mtoto wa mjini kizazi na kizazi. Sauti yake akisoma, mpita njia husimamisha baiskeli. Wa pili ni Yahaya Luhende, fundi viatu, aliyekuja kutoka Nzega akiwa mdogo, baba yake mchunga ng'ombe asiyejua kibla ni wapi. Shehe alimlea, akamsomesha, na vitabu vyote alivyosoma Shehe, Yahaya amevisoma. Kiarabu chake kina harufu ya Kinyamwezi, lakini hakina kosa.

Basi watu wa mjini wakasema, imamu wetu atoke Nzega, sisi tumekufa? Na watu wa kuja wakasema, kumbe udugu ni wa kwenye mikutano tu, mihrabuni kuna wenyewe? Tukawa kambi mbili. Kahawa tukanywea vibaraza viwili. Tukimwendea Shehe kila mmoja kwa wakati wake tukimwambia achague, anasema, "Nikichagua mimi, mtasema Lukumani kapendelea, na atakayekaa hapo mtamhesabia ni wangu. Chagueni nyinyi. Mtakayemtanguliza, mimi nitasimama nyuma yake." Hakuna aliyelitaka jibu hilo. Ilikuwa rahisi zaidi mzee aendelee. Akiendelea yeye, hakuna aliyeshindwa.

Na tukafanya jambo ambalo sidhani utalikuta msikiti mwingine wowote. Pale pa akiba, nyuma ya imamu, pakawa na vita. Saidi akisimama pale, kambi moja inanung'unika. Yahaya akisimama, nyingine inakohoa sala nzima. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakapatana vizuri kabisa, wakasoma na fatiha: pasisimame mtu. Pabaki wazi mpaka jambo liishe. Tukajipongeza kwamba tumepata amani. Safu ya kwanza ikawa na pengo katikati kama mdomo uliong'oka jino, na Shehe hakujua, kwa kuwa ndani ya sala imamu hageuki nyuma, na nje ya sala tulikuwa tukisogea kulifunga.

Ikaja Ramadhani iliyopita. Alasiri. Baada yake huwa kuna darsa, kwa hiyo kina mama nao walikuwapo nyuma ya pazia. Shehe alikuwa amefunga, na kifua kilikuwa kimembana tangu usiku. Sala ikaenda vizuri. Alipomaliza rakaa ya nne, badala ya kukaa, akainuka.

Imamu akisahau, wanaume walio nyuma husema "Subhanallah", akakumbuka. Mtoto wa chuo analijua hilo. Safu nzima tulijua kwamba amekosea. Hakuna aliyefungua kinywa. Saidi alinyamaza asije akaambiwa anaitaka mihrabu. Yahaya alinyamaza kwa sababu hiyohiyo. Sisi wengine tukawa tunawatazama wao kwa pembe ya jicho. Msikiti mzima ukasimama kumfuata mzee kwenye kosa, kwa adabu kubwa.

Ndipo nyuma ya pazia kikasikika kiganja kikipiga mgongo wa mkono. Mara moja, halafu tena, kwa nguvu. Alikuwa Bi Kuluthumu, mkewe. Mwanamke hamsemeshi imamu, humpigia kofi; ndiyo sheria.

Shehe akatikisika. Tuliona mabega yake. Alijua amekosea, lakini hakujua amekosea wapi, wala hakujua yuko wapi. Basi akafanya alivyofundishwa na baba yake, na alivyotufundisha sisi. Akanyoosha mkono nyuma amshike mtu wa akiba, amvute mbele, amwachie sala.

Mgeni rasmi, ule mkono haukupata kitu. Ulipapasa kulia, ukapapasa kushoto. Vidole vilifunguka na kufumba. Tuliokuwa pembeni ya lile pengo tuliviona vidole hivyo karibu kabisa, na Mungu atusamehe, kila mmoja alingoja mwenzake. Akaurudisha mkono. Akashika ukuta wa mihrabu, akajishusha chini mwenyewe polepole, akasujudu sijida ya kusahau, akatoa salamu.

Siku ile tulisahau kulifunga pengo, na alipotugeukia aliliona. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema, "Nimenyoosha mkono. Kumbe hapakuwa na mtu."

Mzee mmoja, kwa aibu tu, akalipukia upande wa pazia, "Na huyu mwanamke kumpigia imamu makofi mbele za watu!"

Shehe akasema, "Mwache. Darsa ile nimeisomesha miaka yote. Nilikuwa sijui kama kuna aliyesikia." Kisha akapaza sauti kumwelekea mkewe nyuma ya pazia, "Ahsante, mama Batuli."

Hapakuwa na darsa siku ile.

Baada ya Idi Bi Kuluthumu aliitisha kikao mwenyewe. Hajapata kufanya hivyo. Alikuja na mtandio wake wa kazini, unga mikononi, akakataa kukaa. Akasema, "Mimi niliolewa na mwanamume, sikuolewa na mihrabu. Nimewaazima, nikasema watamrudisha. Magoti yake yakilia akiinuka kwenye sijida, mimi nayasikia niko nyuma ya pazia. Nyinyi mlio nyuma ya mgongo wake masikio mmeyapeleka wapi? Au mnangoja afie pale mbele, mumrukie ndipo mgombane vizuri?"

Mwanamke yule ametupikia uji wa madrasa wengi wetu, hatukuwa na pa kutazama.

Aliyesimama ni Mwalimu Saidi. Tulidhani anajitetea. Akasema, "Sauti ninayo, sikatai, Mungu kanipa. Lakini mimi alfajiri nyingine huwa nimelala, mnanijua. Anayemshika Shehe mkono kutoka nyumbani mpaka hapa kila alfajiri ni Yahaya, mvua na jua. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwenye ule mkono na sikuushika. Nikipewa mihrabu leo nitaipokea kwa mkono gani? Atangulie Yahaya. Mimi mnipe pale pa akiba, na safari hii sitoki."

Yahaya alilia. Mtu mzima, fundi viatu, kucha zimejaa gundi. Akamwendea Shehe akapiga goti akasema, "Shikamoo, baba," kana kwamba ndiyo kwanza wameonana. Shehe akasema, "Marahaba," akamshika kichwa.

Tungependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Baadhi ya jamaa zake Saidi walikunja mikeka yao, sasa wanasalia Chemchem, na wakipita hapa hawatusalimii. Tunajua maneno yao yamekufikia kabla ya treni yako kufika. Tunajua wamekuambia mihrabu imeuzwa kwa mtu wa kuja, na kwamba dawa ni mzee aendelee kidogo, mpaka hasira zipoe. Hawa ni ndugu zetu na wanatuuma. Lakini hasira zetu zimepozewa mgongoni mwa mtu mmoja miaka mingi, na mgongo huo umekwisha.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, risala isiyoomba mabati huwa haijakamilika, na paa letu kweli linavuja upande wa kina mama. Mabati tutaomba siku nyingine.

Leo tunaomba usiyatengue tuliyoyafikia. Si kwamba tumeyafikia vizuri. Tumeyafikia tumechoka, tumechubuka, na wengine wetu bado wananuna hapahapa walipokaa. Lakini tukianza upya tutachukua miaka, nayo hiyo miaka hatuioni kwa huyu mzee.

Tunaomba pia, utakaposimama kutujibu, usimwambie avumilie. Hata kwa utani, hata kwa kumsifu. Neno hilo tumemlisha vya kutosha. Likikujia mdomoni, lirudishe, umpe jingine lolote.

Tena desturi ni kumtanguliza mgeni. Leo alasiri tunakuomba radhi: usitangulie. Atasalisha Yahaya, na Saidi yupo nyuma yake. Wewe simama katika safu pamoja nasi, ili watakaoulizia kesho waambiwe kwamba Shehe Abbasi alisali nyuma ya mtoto wa Nzega na sala yake ikawa sala. Neno lako moja kwa watu wa Chemchem halitafika mbali kama mgongo wako ukiinama pale.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwa wanao salama, akulinde na uchovu wa njia, akupe wepesi katika uliyotumwa. Na aliyetulea amlipe yeye, kwa kuwa sisi hatuna cha kumlipa.

Hilo la kumlipa, mgeni rasmi, tulilijaribu. Kamati ilimwendea jana kumuuliza Shehe anataka zawadi gani ya kupumzikia. Tukamtajia joho, tukamtajia redio, tukamtajia kitanda cha besela, chenye nguzo za chandarua. Akatikisa kichwa kwa vyote. Tukambana aseme. Mwishowe akaona haya kama bwana harusi, akasema, "Tangu nishike mihrabu sijapata kuchelewa sala. Imamu hawezi. Mimi natamani siku moja nichelewe."

Kwa hiyo maneno ya mwisho si yako, utuwie radhi, ni yake. Yahaya, msemee sikioni upande unaosikia.

Baba. Shehe wetu. Muda si mrefu wataadhini alasiri. Nenda kwanza nyumbani, na ukiisikia adhana usiinuke. Kahawa ya Bi Kuluthumu iko jikoni, inywe mpaka chini. Viatu vyako vitafute taratibu. Ukikutana na mtu njiani, msimame mwulizane habari za nyumbani. Sisi hatutakungoja, baba. Ukifika utakuta tumeshaanza, na nafasi yako ipo safu ya mwisho, karibu na mlango.

Ni sisi,
waumini wa Msikiti wa Wapagazi, Mtendeni,
wa mbele ya pazia na wa nyuma yake.